Mstari wa Pili

Mwaka wa kwanza nilipokabidhiwa daftari la kijiji
nilihesabu watu kwa kuwagusa bega:
mia mbili na kumi na wawili, na bega la mwisho
lilikuwa la Nnaalongo Kasifa, aliyekuja na mbuzi wake.
Wote nyuma ya Mutyaba.
Nyuma ya mpinzani alisimama mke wake
na mtu mmoja aliyekuwa akimdai.

Ndivyo tunavyochagua mwenyekiti hapa Nalubugo,
juu kidogo ya Mukono: hakuna sanduku, hakuna karatasi.
Unamfuata umtakaye, unakitazama kisogo cha aliyekutangulia,
na jirani anakuona.

Kisha Kampala ikafura.
Ilitujia kwa futi, hamsini kwa mia,
hamsini kwa mia,
hata kahawa ya marehemu Kibirango ikawa ploti tisa
na kinamasi tulichochota udongo wa vyungu
kikawa gereji.
Mutyaba ndiye aliyetembea mpakani na kila mnunuzi,
akachomeka mulamula kila pembe,
akagonga muhuri kila mkataba,
akatia asilimia yake mfukoni, akasema karibu.
Nami niliuza. Mguu wa mama ulihitaji chuma.
Sisemi zaidi.

Wageni walijenga ukuta kabla ya nyumba.
Tuliwajua kwa mageti: Geti Jeusi, Geti la Simba,
Geti la Mbwa Wawili.
Walitoka alfajiri, wakarudi taa zimewaka,
na kila uchaguzi mkuu walirudi mjini
kupiga kura walikojiandikisha zamani,
wakatuachia kijiji na wagombea wetu.
Mutyaba aliwaita popo.
Popo, alisema, hahesabiwi.

Ila matope hayabishi hodi getini.
Mvua za Aprili zilipoikata barabara
na basi la watoto wa shule likalala ubavu mtaroni,
Peresi Kyomuhangi wa Geti la Simba
alifika kwangu, viatu mkononi, akauliza:
"Daftari linafungwa lini?"
Nikamwambia. Ilikuwa kazi yangu kumwambia.

Majina yakaja. Okwir. Tumuhairwe. Apolot. Wandera.
Kalamu ilizoea kuanza na Sse na Nna;
ikasita, ikauliza herufi, ikaandika.

Siku yenyewe, uwanja wa shule, saa nne.
Wa Mutyaba walijipanga upesi, wanajuana visogo.
Mstari wa pili ulitoka uwanjani,
ukapita bomba la kisima,
ukaingia kwenye mihogo ya watu.
Nikipita nikigusa mabega
nilisikia watu wakisalimiana:
"Kumbe mbwa wale ni wako?"
"Kumbe wewe ndiye unayewasha gari saa kumi?"
Miaka sita, ukuta kwa ukuta.

Mwanangu Bbosa, askari wa Geti Jeusi,
alisimama na sare yake nyuma ya tajiri wake,
macho kwenye buti.
Mia tatu na kumi na moja, nikasema,
nikamgusa kama nilivyowagusa wengine.
Labda nilikawia kidogo kuutoa mkono.

Mutyaba aliutazama ule mstari
kama mtu anayesoma mikataba yake kwa mara ya kwanza.
"Hawa wote nimewapanda mimi," alisema,
"kwa mkono huu."
Hakuna aliyecheka, hata wa upande ule.

Jumatatu nilimpelekea Peresi muhuri
ndani ya kopo lake lile lile la siagi.
Barua ya kwanza ilikuwa tayari: barabara, taa,
mbuzi wasifungwe kando ya njia.
(Nikamwona Kasifa akilini, na kamba yake.)
Akagonga. Karatasi ikabaki nyeupe.
Akagonga tena.
"Mzee alikuwa anapata wapi wino?"

Sijui, nikamjibu. Kamwulize.
Nyumba yake haina geti.